Anawania Wadi kwa Mara ya Kwanza: Wasifu na Ahadi za Mgombea wa MCA Nairobi Hupimwaje?

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Nairobi ina wadi 85, na wadi haikosi mtu ambaye jina lake halijawahi kuingia kwenye karatasi ya kura lakini picha yake inaning'inia kwenye nguzo za stima. Ahadi zake kwa kawaida ni tano: barabara, maji, basari, kazi kwa vijana na usalama.

Mgombea mkongwe hupimwa kwa aliyoyatenda. Mgeni hana rekodi ya bunge, kwa hiyo wengi humpima kwa chama, kwa kabila, au kwa kiasi alichochanga kwenye matanga. Kipo kipimo kingine, nacho ni kiti chenyewe. Ukishajua MCA, yaani mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti, ana uwezo gani, na uwezo huo huanza kufanya kazi lini, utaona ahadi ipi ina miguu na ni sehemu gani ya wasifu wake inayokuhusu wewe.

Kiti kinaruhusu nini

Kazi ya mwakilishi wadi imeandikwa katika kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Awe karibu na wapiga kura na kuwasikiliza, afikishe maoni yao bungeni, ahudhurie vikao, awe kiungo kati ya bunge la kaunti na wananchi. Halafu kuna sehemu ya pili ya kifungu hichohicho, ambayo hutaisikia jukwaani: MCA haruhusiwi kujiingiza, waziwazi wala kwa kuzunguka, katika kazi za utendaji za kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Hajengi barabara. Hatoi zabuni. Haajiri mtu; wa kuajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti.

Alichopewa na Katiba ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha mipango na bajeti, na kuimulika serikali ya gavana. Zana zake ni ombi la taarifa, hoja, mswada, nafasi katika kamati, na kura yake moja. Kura hizo zikikusanyika si mchezo. Desemba 2020 bunge la Nairobi lilipitisha hoja ya kumwondoa Gavana Mike Sonko, na Seneti ikaithibitisha wiki mbili baadaye. Septemba 2025 wajumbe walijiandaa kumng'oa Gavana Johnson Sakaja, malalamiko makubwa yakiwa fedha za maendeleo ya wadi na basari, kabla ya hoja kusitishwa baada ya wakubwa wa kisiasa kuingilia kati. Lakini kumwondoa gavana kunahitaji thuluthi mbili ya wajumbe wote, na bunge hilo, ukijumlisha waliochaguliwa na walioteuliwa, lina zaidi ya watu mia moja. Mgeni wetu atakuwa mmoja wao. Mgombea anayezungumza kana kwamba ataingia City Hall, makao ya serikali ya kaunti, na kutoa amri, ama hajasoma sheria au anatumaini kwamba wewe hujaisoma.

Kalenda inayovunja ahadi za siku mia moja

Hapa ndipo wagombea wapya hukwama zaidi, na wengi wao hukwama bila ubaya wowote moyoni. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai. Bajeti ya 2027/28 itakuwa imepitishwa kufikia 30 Juni 2027, wiki sita kabla ya kura kupigwa. MCA mpya atakuta fedha za mwaka wake wa kwanza zimeshagawanywa na watu wengine, baadhi yao wakiwa wale aliowashinda.

Mwaka wa pili nao una mlango mwembamba. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka serikali ya kaunti iwasilishe bungeni Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kufikia 1 Septemba kila mwaka, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaofuata. Yaani mpango wa 2028/29 unatakiwa 1 Septemba 2027, majuma matatu baada ya uchaguzi, pengine kabla mjumbe mpya hajajua ataketi kwenye kamati gani. Kisha unakuja waraka wa mkakati wa kifedha kufikia 28 Februari, ambao huweka viwango vya juu vya fedha kwa kila idara. Makadirio yenyewe yanawasilishwa kufikia 30 Aprili, na bunge linayapitisha kufikia 30 Juni.

Ukiongeza muda wa kutangaza zabuni, kufungua bahasha, kusaini mkataba na kusubiri Hazina Kuu itume fedha, mradi wa kwanza ambao MCA huyo anaweza kudai kwa haki kwamba ni wake utaonekana mwishoni mwa 2028 au mwaka 2029. Dirisha pekee la kabla ya hapo ni bajeti ya nyongeza, nayo kwa kawaida huziba mashimo tu, haianzishi makubwa.

Kuna nafasi moja kubwa ambayo sijui kwa nini wagombea hawaitangazi. Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ule wa miaka mitano, unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata, wa 2028 hadi 2032, utaandaliwa na kupitishwa na serikali na bunge vitakavyochaguliwa Agosti 2027. Mradi usioandikwa humo ni vigumu mno kuupatia fedha baadaye. Mgombea aliye makini angepaswa kuja na orodha ya miradi ya wadi yake, kila mmoja ukiwa na mahali, ukubwa na makadirio ya gharama, tayari kuingizwa kwenye mpango huo. Muulize kama anayo.

Fedha zinatoka wapi na zinakwama wapi

Nairobi hupokea mgao mkubwa kuliko kaunti yoyote: katika 2021/22 ulikuwa takriban shilingi bilioni 19.2. Mapato yake yenyewe, kutoka kwa ada za maegesho, kodi ya ardhi, leseni za biashara, vibali vya ujenzi na mabango, yalipita bilioni 12 katika 2023/24. Kwa masikio hizo ni nyingi. Toa mishahara, toa gharama za hospitali na uendeshaji, kisha toa madeni. Nairobi ndiyo kaunti yenye madeni mengi zaidi ambayo hayajalipwa wakandarasi na wenye kutoa huduma, zaidi ya shilingi bilioni 80. Mkandarasi anayedai kaunti tangu enzi ya gavana aliyepita haombi kazi mpya, au huiomba kwa bei iliyopandishwa kufidia miaka ya kungoja. Ndiyo maana mradi uliomo kwenye bajeti, wenye namba na kiasi cha fedha, unaweza kukosa hata toroli moja la kokoto.

Kwa hiyo swali la "utaleta pesa ngapi?" halina maana. Bunge la kaunti haliwezi kuongeza fedha kwenye kifungu kimoja cha bajeti bila kupunguza kingine kwa kiasi hichohicho. Swali lenye meno ni: utapunguza wapi? Mgombea akijibu "nitaziba mianya ya ufisadi", mwambie ataje mwanya mmoja kutoka ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu Nairobi. Ripoti hizo ni za umma na hutolewa kila mwaka. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutoka kila robo mwaka, na zinaonyesha idara ipi ilitengewa nini na ikatumia nini. Aliyezisoma utamjua kwa sentensi mbili.

Ahadi moja baada ya nyingine

Barabara kwanza. Thika Road na Mombasa Road ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na barabara nyingi kubwa za mjini, Outer Ring ikiwemo, ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Zote mbili ni mamlaka za serikali kuu. Za kaunti ni zile za ndani ya mitaa, pamoja na mitaro ya maji ya mvua na taa. Mgombea anayetaja barabara kwa jina na kusema ni ya nani ameanza vizuri. Anayesema "nitatengeneza barabara zote za wadi" hajaanza. Msikilize pia kuhusu mtaro. Lami bila mtaro Nairobi haimalizi misimu mingi ya mvua: maji huingia pembeni, msingi hulainika, mashimo hutokea kwenye mkondo wa magurudumu, na mwaka wa tatu mnaomba barabara ileile upya.

Maji ndiyo ahadi inayohitaji kuchunguzwa zaidi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, na ujenzi wa miundombinu mikubwa uko mikononi mwa Athi Water, shirika la serikali kuu. Kampuni ya maji ya jiji ni mali ya kaunti, na bunge linaweza kuihoji kuhusu mgao, mabomba yanayovuja na mtandao usiofika kwenye mitaa mipya ya magorofa. Hapo MCA ana nguvu ya kweli. Lakini wengi huruka hilo na kuahidi kisima cha kuchimba, kwa sababu kisima kina sherehe ya uzinduzi. Kisima kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, tathmini ya mazingira chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na kipimo cha maji, kwani maji ya chini ya ardhi Nairobi mara nyingi yana floraidi nyingi, ile inayobadilisha rangi ya meno ya watoto na, ikizidi kwa miaka, kudhuru mifupa. Kikishachimbwa, bili ya stima ya pampu huja kila mwezi. Visima vingi vya kisiasa havikaukii ardhini. Hukatiwa umeme, au pampu huungua na hakuna mfuko wa kununua nyingine, au anayeshika ufunguo wa kioski hatoi hesabu kwa mtu yeyote. Mgombea aulizwe mambo manne: kiwanja ni cha nani, bili italipwa kutoka wapi, mtungi utauzwa bei gani, na nani atakagua hesabu. Asipokuwa na majibu, kisima chake ni cha picha.

Basari ni tope. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali kuu. Hata hivyo kaunti zimekuwa zikitoa basari za sekondari kwa miaka. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti akizitaka ziwe na mikataba na serikali kuu kabla ya kutumia fedha kwa majukumu yasiyo yao, na mvutano huo ukafika mahakamani. Mgombea anayeahidi basari bila kugusa suala hilo anaahidi kitu ambacho huenda akakuta kimefungiwa. Hazina ya NG-CDF, ambayo pia hulipia karo, ni ya eneo bunge na haimhusu MCA kamwe. Mara nyingi utasikia wagombea wakizichanganya hizi mbili, na baadhi yao huzichanganya kwa makusudi.

Usalama: polisi ni wa serikali kuu. Kilicho cha kaunti ni taa za mitaani, leseni za baa na saa za kufunga, vichochoro, na vibanda vinavyoziba njia. Si kidogo. Mgombea mwenye akili hubadilisha ahadi ya "usalama" kuwa idadi ya taa na majina ya vichochoro.

Taka, kwa upande mwingine, ni za kaunti kabisa, kuanzia mlangoni kwako hadi jaa la Dandora, na ajabu ni kwamba huonekana kwenye mabango mara chache. Kazi kwa vijana tumeshaigusa: haajiri. Anaweza kupigania masoko, ada nafuu za leseni kwa wafanyabiashara wadogo, na muda wa msamaha kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti, ule wa kila mwaka unaoamua kioski kitalipa nini na matatu italipa nini. Muulize alikuwa na maoni gani kuhusu ule wa mwisho.

Kama wadi ina nyumba za zamani za kaunti, kwa mfano Maringo, Jericho, Bahati, Ziwani au Woodley, kuna suala moja linalozidi mengine yote: ubomoaji na ujenzi mpya. Hapo msimamo wa "naunga mkono maendeleo" hautoshi. Mpangaji anahitaji kujua mgombea anataka nini kiandikwe kwenye mkataba: fidia ya kuhama inatosha kodi ya miezi mingapi, nani ana haki ya kwanza ya kununua nyumba mpya, orodha ya wapangaji imefungwa tarehe gani na nani ameithibitisha, na itakuwaje kwa mjane ambaye jina la mumewe ndilo liko kwenye kitabu cha kodi. Wakaazi huumia zaidi kwenye ile orodha. Majina ya wageni huingia usiku, na wenyeji hugundua siku ya kupewa ufunguo.

Wasifu

Sheria haidai mengi. Ibara ya 193 ya Katiba inamtaka mgombea awe mpiga kura aliyesajiliwa, atimize masharti ya elimu na maadili, na ateuliwe na chama, au, kama ni huru, aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi husika. Haidai kwamba awe mkaazi wa wadi. Sharti la digrii kwa MCA lilipingwa mahakamani na halikutumika mwaka 2022. Anazuiwa ambaye hajatimiza miaka kumi mfululizo ya uraia kabla ya uchaguzi, aliyefilisika kisheria, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na aliyepatikana na kosa la kutumia vibaya ofisi ya umma. Mtumishi wa umma anatakiwa kujiuzulu angalau miezi sita kabla, kwa hiyo mwalimu aliyeajiriwa na tume ya walimu, TSC, anayewania 2027 awe ameondoka kufikia 10 Februari mwaka huo. Kwa mgombea huru kuna mtego mwingine: asiwe mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Wapo wanaogundua wakiwa wamechelewa kwamba walisajiliwa kwenye chama bila habari. Ukaguzi hufanyika kwenye eCitizen, huduma za Msajili wa Vyama, na ni wa dakika chache.

Ada ya tume ya uchaguzi, IEBC, mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Gharama halisi ya kampeni haina uhusiano wowote na kiasi hicho. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya 2013 haijawahi kutekelezwa kikamilifu, hivyo hakuna mahali pa kwenda kusoma nani alimlipia mgombea mahema na fulana. Unachoweza kusoma ni kampuni zake. Kwa ada ndogo kwenye eCitizen, Huduma ya Usajili wa Biashara hutoa hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kama kampuni yake hufanya biashara na kaunti, aseme mapema ataachana nayo vipi. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 itamhusu akishachaguliwa. Kesi zake, kama zipo na zimeamuliwa na mahakama za juu, hupatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law kwa kutafuta jina. Jihadhari na watu wenye majina yanayofanana, na soma hukumu hadi mwisho, kwani kushtakiwa si kupatikana na hatia.

Baada ya hapo, tafuta alichowahi kusimamia. Mashindano ya mpira na michango ya kanisani huonyesha kwamba mtu anatoa. Havionyeshi kwamba anaweza kuhesabu fedha za wengine. Kinachofanana zaidi na kazi ya bunge ni uweka hazina wa sacco, uenyekiti wa chama cha wakaazi, ujumbe wa bodi ya shule, au uongozi wa kikundi cha wafanyabiashara wa soko. Ulizia kumbukumbu za mikutano na hesabu zilizokaguliwa. Muulize aliyemrithi, maana huyo ndiye aliyekuta sanduku likiwa na kitu au tupu. Mhudumu wa afya ya jamii aliyepita nyumba kwa nyumba miaka mitano anaweza kuijua wadi kuliko wakili mwenye ofisi Upper Hill, na wakili anaweza kuandika mswada ambao mhudumu yule atahitaji kuandikiwa. Mimi ningemchagua anayejua anachokosa na ameshatafuta wa kumsaidia.

Chama nacho hakiachwi nje. Viti vya kamati hugawanywa kupitia vyama, na kamati ya bajeti ndiyo inayogombewa zaidi. Mgombea huru akishinda huingia bila kiranja wa kumtetea, ingawa pia hana wa kumwamrisha. Mjumbe wa chama akikihama hupoteza kiti. Na yeyote kati yao akikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya spika hupoteza kiti vilevile, jambo linalomgusa mfanyabiashara anayesafiri kila wiki kwenda Dubai au Guangzhou.

Kabla hata ya mikutano ya hadhara, kuna jaribio moja jepesi. Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu mpango wa maendeleo, waraka wa kifedha, bajeti na Mswada wa Fedha. Matangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti ya kaunti, na waliohudhuria hutia saini. Mgombea anayejitambulisha leo kama mtetezi wa wadi angepaswa kuweza kukuonyesha angalau memoranda moja aliyowasilisha, yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa na ofisi ya karani wa bunge.